Muhuri wa Wakili Haukupi Kiwanja

"Wakili, kugonga muhuri ni shilingi ngapi?"

Swali hili naulizwa kwenye simu, naulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, naulizwa hata msibani. Anayeuliza huwa tayari ana karatasi mkononi: fomu ya mkataba wa mauziano iliyonunuliwa steshenari, nafasi zake zimejazwa kwa kalamu ya bluu, majina mawili, bei kwa tarakimu na kwa maneno, na ile sentensi isiyokosekana kwamba kiwanja "hakina mgogoro wowote". Muuzaji ama ameshalipwa, ama amekaa kwenye gari na dalali wakisubiri nimalize. Nikitaja bei wanaomba punguzo, kwa sababu, wanasema, ni muhuri tu.

Mimi ni wakili wa kujitegemea Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya majalada yangu ni ya ardhi na mirathi. Swali hili limenichosha, maana watu wanapoteza nyumba kwa kuliuliza hilo na kuacha yale ya msingi. Nalijibu hapa kwa urefu, kwa ajili ya yeyote anayekusudia kununua au kuuza ardhi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na mahakama zake za kadhi. Msomaji wa huko asiyachukue haya kama yalivyo.

Muhuri wangu hauhamishi ardhi. Hausemi kwamba kiwanja ni cha anayekuuzia. Hausemi kwamba mipaka ni ile uliyoonyeshwa, kwamba hakuna benki inayoidai nyumba, kwamba mke wa muuzaji ameridhia, wala kwamba kiwanja hichohicho hakijauzwa kwa mtu mwingine wiki iliyopita. Ukiwa na mkataba wenye mihuri mitano na muuzaji hakuwa mmiliki, una karatasi yenye mihuri mitano.

Ukitaka kuhakikisha, soma maandishi yaliyo jirani na muhuri wenyewe. Karibu na saini ya muuzaji pana kifungu kifupi ambacho karibu kila mtu hukiruka. Maneno hutofautiana kidogo kutoka ofisi hadi ofisi, lakini kiini chake ni hiki: umesainiwa hapa Dar es Salaam na fulani, ambaye ninamfahamu binafsi, au ambaye ametambulishwa kwangu na fulani ninayemfahamu binafsi, mbele yangu, leo tarehe fulani. Kisha jina langu, saini, anwani, cheo, yaani Kamishna wa Viapo, na muhuri. Hakuna zaidi. Ninachokithibitisha ni kwamba mtu huyu alikuja, nilijua ni nani au nilitambulishwa, na alisaini nikimwona. Neno "kiwanja" halimo. Neno "mmiliki" halimo.

Hata hilo dogo lina uzito wake, na hapo ndipo ninapogombana na wateja. Sheria ya Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inanitaka nitaje kwa ukweli mahali na tarehe ambapo kiapo kimechukuliwa. Mahakama ya Rufani imeshatupa viapo kwa kasoro za sehemu hiyo tu. Sasa mtu ananiletea mkataba uliosainiwa jana Kigamboni na muuzaji ambaye leo yuko Mbeya, anataka nigonge kama vile wote walikuwa mbele yangu. Anachoniomba ni nidanganye kwa maandishi. Nikikataa anaondoka amenuna, na jioni ananitumia picha ya mkataba uleule ukiwa na muhuri wa mtu mwingine. Muhuri wa namna hiyo hata ile kazi yake ndogo haujaifanya. Siku muuzaji atakaposema mahakamani "hiyo si saini yangu", aliyegonga hatakuwa na la kusema, kwa sababu hakumwona akisaini.

Kuna mstari mwingine chini kabisa ya waraka, unaosema nani ameuandaa. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtaka anayeandaa waraka wa aina hii aandike jina na anwani yake, na msajili hapaswi kuupokea usipokuwa na jina hilo. Kwenye fomu ya steshenari mstari huo huwa mtupu. Ninapoombwa "kugonga tu", naombwa pia niweke jina langu kwenye kazi ambayo sikuifanya, juu ya kiwanja ambacho sijui kipo wapi.

Imani hii kwamba muhuri unatosha imetoka wapi? Nadhani imetoka kwenye mazoea ya mijini, ambako ardhi nyingi imeuzwa kwa miaka bila kupimwa na bila hati. Pasipo na daftari la serikali la kuangalia, watu walitafuta kitu kinachofanana na serikali, na kilichokuwa karibu kilikuwa muhuri: wa mwenyekiti wa mtaa, wa mjumbe, kisha wa wakili. Sina ugomvi na mwenyekiti wa mtaa. Kwenye eneo lisilopimwa yeye ni shahidi muhimu, kwa kuwa anajua nani ameishi pale, nani alimuuzia nani, na ugomvi wa mpaka ulianza lini. Lakini ni shahidi. Hana daftari la umiliki, na ile asilimia 10 ya bei ambayo ofisi nyingi za mitaa zimezoea kudai haigeuzi risiti yake kuwa usajili. Kijijini ni hivyohivyo, watu huchukua saini ya mwenyekiti wakadhani wamemaliza, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Halmashauri hukaa, hujadili na huandika muhtasari. Mwenyekiti aliyesaini peke yake chini ya mwembe si halmashauri.

Kwa ardhi iliyopimwa na yenye hati hakuna kisingizio kabisa. Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wewe unamiliki haki ya kuitumia, kwa muda usiozidi miaka 99, kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Ndiyo maana watu wawili hawawezi kuihamisha wakiwa peke yao mezani. Kamishna wa Ardhi ana neno lake, Mamlaka ya Mapato (TRA) wana lao, na Msajili wa Hati ndiye anayefunga shughuli. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, haina mzunguko hapo: haki juu ya ardhi iliyosajiliwa haihami mpaka uhamisho usajiliwe. Kabla ya hapo mkataba wako unakupa haki ya kumdai muuzaji atimize ahadi. Ni haki ya kweli na nimeshawatetea watu kwa hiyo, lakini daftari bado linasoma jina lake. Benki iliyomkopesha, mdai aliyemshinda mahakamani na warithi wake akifa wote wataangalia daftari.

Nitaeleza tukio moja, nikibadilisha mambo machache ili wahusika wasitambulike. Mwalimu mstaafu alinunua nyumba upande wa Kimara kwa fedha za kiinua mgongo. Alikuja ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki, karatasi zake zote zimepangwa kwa tarehe, kila moja ndani ya plastiki. Mkataba ulikuwemo, ukiwa na muhuri wa wakili. Ilikuwemo barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri, picha za pasipoti za pande zote mbili, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na baba wadogo wawili na shangazi, unaosema kwamba familia imeridhia mtoto mkubwa auze nyumba ya marehemu. Ilikuwemo pia nakala ya hati miliki. Kwenye hati lilikuwapo jina moja tu, la baba, ambaye alikuwa amefariki miaka mingi nyuma.

"Shikamoo mwalimu. Mirathi ya huyu mzee ilifunguliwa?"

"Ukoo ulikaa, mwanangu. Muhtasari huo hapo. Na wakili aligonga muhuri."

"Aligonga kuthibitisha nini?"

Hakujibu, na sikutegemea ajibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Mtoto mkubwa hakuwa ameteuliwa na yeyote. Binti wa mwisho wa marehemu, ambaye hakuitwa kwenye kikao, alikwenda Mahakama ya Mwanzo, akafungua mirathi, matangazo yakabandikwa, hakuna aliyepinga, akateuliwa. Kisheria nyumba sasa ilikuwa chini ya usimamizi wake, na yule kijana hakuwa na kitu cha kuuza siku aliyouza. Alichobaki nacho mwalimu ni dai la fedha dhidi ya kijana ambaye fedha alishazitumia. Ile mihuri yote ilikuwa halisi. Aliyesaini alikuwa ndiye aliyesaini, tarehe ilikuwa sahihi, mahali palikuwa sahihi. Kila muhuri ulisema kweli, na hakuna hata mmoja uliojibu swali lililomhusu.

Hii ndiyo sababu mawakili wengi wa ardhi nchini hapa ni mawakili wa mirathi pia, tupende tusipende. Mgogoro unaoingia ofisini kwangu ukiitwa wa kiwanja, ukiufungua unakuta ni mirathi ya babu ambayo haikufunguliwa, mke wa pili ambaye hakutajwa, au msimamizi aliyejigawia kila kitu akidhani usimamizi ni urithi. Nikifundishwa ardhi peke yake nitasoma hati vizuri na kushindwa kusoma familia iliyo nyuma yake.

Na kwa kuwa naulizwa pia kwa nini wakili atoze zaidi ya bei ya muhuri, niseme kidogo mtu huyu anatoka wapi. Kitivo cha sheria ndicho kilichofungua chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1961, na tangu hapo shahada ya sheria imekuwa mlango wa kwanza tu. Mwenye shahada ni mwanasheria. Bado hawezi kusimama mahakamani kama wakili wala kugonga muhuri wa uwakili. Baada ya sheria ya mwaka 2007, ikaanzishwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, nayo ikapokea wanafunzi kuanzia 2008. Wengi wanaijua kwa jinsi inavyowaangusha watu mitihani. Ukifaulu unaomba, unaapishwa na Jaji Mkuu, jina linaingia kwenye Daftari la Mawakili, unakuwa mwanachama wa Tanganyika Law Society, chama kilichoanzishwa 1954, na kila mwaka unahuisha leseni. Leseni ikiisha na hukuihuisha, muhuri ulio mezani kwako ni mpira na wino.

Yote hayo yanakuhakikishia kwamba nimesoma na kwamba ninaweza kuadhibiwa na Kamati ya Mawakili nikikudhulumu. Hayakuhakikishii kwamba najua ardhi. Wakili aliyetumia maisha yake kwenye kesi za jinai ana muhuri uleule nilio nao. Anayejua ardhi utamtambua kwa anachokuuliza kabla ya kufungua kalamu: hati iko wapi, jina la nani, ameoa au ameolewa, wazazi wake wako hai, alipataje eneo hili, nani anaishi pale sasa. Akiuliza hayo, keti. Akiuliza bei ya mauziano tu ili apige hesabu ya malipo yake, shukuru uondoke.

Kisha atafanya upekuzi, ule ambao wengi huuita sachi. Hii ndiyo kazi ambayo hakuna anayeniulizia bei yake, na ndiyo ningependa kila mtu aiulizie. Ombi linakwenda ofisi ya ardhi likiwa na namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, na majibu yanarudi kwa maandishi. Ni karatasi fupi. Inasema jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki na ulianza lini, na kisha sehemu ninayoisoma kwanza kuliko zote: mambo yaliyosajiliwa dhidi ya hati. Hapo ndipo utakapoona rehani ya benki ya miaka kumi iliyopita ambayo muuzaji anaapa ameshailipa lakini haijafutwa. Utaona zuio lililowekwa na mke au na mtu aliyelipa nusu ya bei kabla yako. Wakati mwingine utaona jina ambalo si la muuzaji hata kidogo, na muuzaji atasema ni jina la "utani" la baba yake. Nimeona biashara kubwa zikivunjika kwa karatasi hiyo moja, na sikumbuki mnunuzi hata mmoja aliyejutia kuiomba.

Baada ya upekuzi kuna mwenzi. Hapa wanaume hasa hunikasirikia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kutoa zawadi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja peke yake. Ndoa ya bomani, ya msikitini, ya kanisani na ya kimila zote ni ndoa. Na walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi wakijulikana kuwa mume na mke, sheria inadhania wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo maneno "huyu si mke wangu wa ndoa" hayanitoshi. Ninataka aje mwenyewe, asome au asomewe, asaini mbele yangu. Kiapo cha muuzaji kwamba hajaoa ninakichukua pia, lakini nawauliza majirani.

Imani hii ya muhuri ina watoto wake wawili, na lazima niwataje.

Wa kwanza ni hati ya uwakala, au pawa kama inavyoitwa mitaani. Mzee ni mgonjwa, mtoto anataka "pawa ya kudumu yenye muhuri" ili mzee akifariki asihangaike na mahakama. Hakuna kitu kama hicho. Kwa Sheria ya Mikataba, uwakala unakufa na aliyeutoa. Mzee akikata roho saa nane usiku, saa tisa hati hiyo haina nguvu, hata ingegongwa mihuri ya chama kizima. Anayeitumia baada ya hapo kutoa fedha benki au kuuza kiwanja anafanya jambo ambalo warithi wenzake wanaweza kulipeleka polisi. Na anayenunua kwa pawa ajiridhishe kwanza kwamba aliyeitoa anapumua, tena azungumze naye.

Wa pili ni wasia. Watu wanaamini wasia bila muhuri wa wakili ni batili, na wenye muhuri haupingiki. Yote mawili si kweli. Kinachoupa wasia nguvu ni taratibu za sheria inayokuhusu, na hapa Bara ziko tatu zinazotembea pamoja. Kwa mila, Tangazo la Serikali namba 436 la 1963 linahesabu mashahidi, ndugu na wasio ndugu, na linataka wengi zaidi pale mwenye wasia asipojua kusoma na kuandika. Kwa Mwislamu anayetawaliwa na sheria ya dini yake, wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na huwezi kumwongezea mrithi wa fungu bila warithi wengine kuridhia. Muhuri wangu hauwezi kuongeza theluthi ikawa nusu. Kwa wanaotawaliwa na sheria ya kiserikali, iliyotoka India ya mwaka 1865, wasia unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na shahidi aliyeachiwa kitu kwenye wasia huo anakipoteza. Nimeona wasia uliochapwa vizuri, umegongwa muhuri kila ukurasa, na mashahidi wake wawili ni mke na mtoto wanaopewa nyumba. Nimeona pia ukurasa wa daftari la shule ulioandikwa kwa mkono, mashahidi wake ni jirani, mchungaji na ndugu wawili wasiopewa kitu, ukasimama mahakamani bila kutetereka.

Sasa ya kufanya, kwa haraka.

Unanunua penye hati: omba nakala, fanya upekuzi kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikia, rudia upekuzi siku ya kulipa salio. Lipa kupitia benki, kwa akaunti yenye jina la mwenye hati, si ya dalali wala ya shemeji. Kuwa na wakili wako, usimtumie yule aliyekuja na muuzaji. Mkataba uandikwe na aliyeona eneo na upekuzi, na useme fedha zitarudi vipi uhamisho ukikwama na nani atalipa nini TRA. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji ambayo ni ya muuzaji, na ushuru wa stempu. Jazeni fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 siku hiyohiyo mnaposaini mkataba, muuzaji akiwa bado anapokea simu. Angalia risiti za kodi ya pango la ardhi, deni lake linakufuata. Endelea kufuatilia mpaka upate hati yenye jina lako. Ofisi za ardhi za mikoa zipo mikoa yote, huhitaji kusafiri kwenda wizarani.

Unanunua pasipopimwa: nenda mchana na urudi jioni, ongea na majirani wa pande zote nne, wasaini kuhusu mipaka. Muulize mwenyekiti kama shahidi. Uliza mipango miji ya halmashauri kama hapo ni hifadhi ya barabara au bonde lililokatazwa. Dai mnyororo wa mauziano, nani alimuuzia muuzaji na nani alimuuzia huyo. Mke au mume asaini. Mkataba uupeleke kwa Msajili usajiliwe kama waraka, kisha ufuatilie upimaji au urasimishaji haraka, maana bila hivyo huna ardhi ambayo mwingine hawezi kuidai.

Wakili: tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, ni bure, utaona kama yumo na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Mijini wamejaa vishoka wenye ofisi na mihuri. Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 ndiyo inayoongoza viwango. Kubaliana naye mapema, kwa maandishi, na upewe risiti.

Wasia: amua kwanza sheria inayokuhusu, kisha andika, taja mali kwa namba za viwanja, weka mashahidi wasionufaika. Unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ambao pia watakusaidia kuuandika. Kila ukinunua au ukiuza, uhuishe.

Mlio na nyumba iliyo kwenye jina la marehemu, fungueni mirathi mwaka huu, hata kama mnapendana. Chukueni cheti cha kifo RITA, kaeni kikao mpendekeze jina, nendeni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi kama alifuata mila au Uislamu. Aliyeteuliwa hajawa mrithi, amepewa kazi: ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni, fomu namba 5, kisha hesabu za mirathi, fomu namba 6, kwa vipindi mahakama itakavyopanga. Apeleke uteuzi wake kwa Msajili aandikwe kwenye hati kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, ndipo agawe au auze. Nyumba isiyogawanyika auze yeye, kwa ridhaa ya maandishi ya warithi wote waliofikisha miaka 18, na fungu la mtoto mdogo liwekwe benki kwa ajili yake.